Nani Atailisha Hamira

Watu wa upande wa Ziwa hufuga ng'ombe, kondoo na kuku, na wachache wenye subira hufuga nyuki. Chepkorir alifuga hamira. Aliifuga katika vichupa thelathini na sita, ndani ya kabati la mbao lenye balbu moja ya kuleta joto, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa nafaka kilichokuwa kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa. Haikuwa hamira ya mkate. Hii ilikuwa nyekundu, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, na ilijitandaza juu ya chakula chake kama rangi ya kucha iliyomwagika. Kila wiki ya tatu ilitaka kuhamishiwa chakula kipya, la sivyo ilianza kufa. Haikujua Krismasi wala Pasaka. Haikujua kama mtu anaumwa au amefiwa. Kwa miaka mitatu Chepkorir ndiye aliyekuwa akiihamisha, na sasa alikuwa na ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa themanini na tisa. Desemba angetimiza miaka hamsini na mitano na kustaafu. Barua ya kustaafu ilikuwa imeshafika, imepigwa chapa vizuri, ina mhuri, inamshukuru kwa utumishi wake. Jambo moja tu haikusema, nalo ndilo lililomkosesha raha: nani atailisha hamira.

Aliyeianza kazi hiyo alikuwa Daktari Wamalwa, Mbukusu mmoja mpole aliyekuwa akitabasamu peke yake kama aliyekumbuka kichekesho. Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, serikali ilileta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu walikula ugali wa njano huku wamekunja nyuso, wakilalamika kwamba ni chakula cha mifugo. Wamalwa naye aliutazama ugali mara moja tu, kisha akaanza kutazama mayai. Mwaka huo mayai ya Eldoret yalikuwa na viini vya kupendeza, vya njano iliyokolea. Mahindi meupe yaliporudi, viini navyo vikarudi kuwa hafifu kama zamani, na wenye hoteli mjini wakaanza tena kunung'unika. Hapo ndipo Wamalwa akasema, basi tuwatafutie kuku rangi ambayo haitoki ng'ambo. Akaipata juu ya maganda ya viazi yaliyokuwa yamesahaulika kwenye ndoo nyuma ya jiko la kituo: doa jekundu, dogo kuliko punje ya mtama.

Uzuri wa doa lile ni kwamba halikuwa na maringo. Lilikula maji yaliyochemshiwa magunzi ya mahindi, lilikula maganda ya viazi, pumba za ngano, molasi, yaani kila kitu ambacho mkulima wa Uasin Gishu hutupa bila kugeuka nyuma. Likishiba, lilijaza miili yake rangi. Tena rangi hiyo ilikuwa na kazi ya pili, ambayo Wamalwa aliipenda kuliko ile ya kwanza: ilizuia mafuta yasichache.

"Kinachoharibu mafuta ni hewa, Mama Chepkorir," alimweleza siku moja, akiwa amekaa juu ya meza ya maabara kama mtoto wa shule. "Sasa hii rangi inatangulia mbele. Inapokea ile hewa yenyewe, mafuta yanabaki salama."

"Na yenyewe?"

"Yenyewe inakwisha polepole. Ndiyo kazi yake."

Mwaka wa themanini na sita Wamalwa aliondoka kwenda Botswana, kimyakimya, kama wasomi wengi walivyoondoka siku zile. Hakuaga. Aliacha daftari, vichupa, na kikaratasi kilichosema: *Kila wiki tatu, tafadhali.* Chepkorir, ambaye alikuwa fundi wa maabara tu, mwenye cheti cha miaka miwili, akaendelea. Hakuna aliyemwamuru. Aliona tu kwamba asipofanya yeye, hakuna atakayefanya.

Kazi hiyo ilimgharimu nyumbani kwake. Kimutai, mumewe, alipofariki, siku ya pili ya matanga iliangukia siku ya kuhamisha hamira. Chepkorir aliwaacha waombolezaji uani, akatembea hadi kituoni, akafanya kazi yake kwa saa moja na machozi yakimdondoka kwenye meza, kisha akarudi. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Wajukuu walimwita Kogo, yaani nyanya, na kila mtu mwingine akamwita hivyo pia. Kogo hakupaza sauti. Alisema tu, mbele ya watu, "Umeiacha maiti ya mwanangu ukaenda kulisha uchafu." Tangu siku hiyo waliishi katika boma moja, wakipika kwenye jiko moja, wakisalimiana vizuri, na baina yao pakabaki baridi isiyotoka. Hilo lilimuuma Chepkorir kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Basi mwezi wa Julai alijipiga moyo konde, akaenda mjini kumwona Kabiru. Kabiru alikuwa na kiwanda cha kusaga chakula cha kuku karibu na stesheni ya reli, mtu mfupi, mnene, aliyekuja kutoka Nyeri zamani na hakuwa na muda wa maneno mengi.

"Mama, mimi sikusoma hizo mambo," alimwambia. "Niletee hiyo rangi ikiwa ndani ya mafuta, lita tatu kamili. Nitakuja na gunia yangu, tuchanganye nikiona na macho yangu. Nikiridhika, hamira nitachukua mimi. Msichana wangu Mwihaki amesoma sayansi mpaka mwisho, na sasa anakaa tu hapa akiandika risiti. Yeye ndiye atailisha."

Chepkorir alirudi nyumbani siku hiyo kwa miguu, maana alitaka kutembea. Mtu wa kuilisha! Alijikuta akitabasamu peke yake barabarani, kama Wamalwa.

Miadi ikawekwa: Ijumaa, saa nne asubuhi. Mkuu wa kituo, Bwana Kipngetich, hakupinga, ila alisema neno lake. Kabati lile lilitakiwa kwa sampuli za mbegu ambazo zingefika Jumamosi. Kabiru akiichukua hamira, heri. Asipoichukua, kabati liwe wazi Ijumaa hiyo hiyo jioni.

Jumatano gesi ya maabara iliisha. Chepkorir hakushangaa, gesi ya pale iliisha kila palipokuwa na jambo. Aliibeba hamira aliyoivuna, nzito kama uji wa mtoto, akaenda kuimalizia kazi jikoni kwake. Aliichemsha kwa maji ya ndimu ili ngozi zake zipasuke, akaichuja, kisha akaitia kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto juu ya jiko la makaa. Akakoroga. Mwanzo mafuta yalibaki vile vile. Halafu wekundu ukaanza kuhama, kidogo kidogo, ukitoka kwenye hamira na kuingia kwenye mafuta, hadi sufuria nzima ikang'aa kama kaa la moto. Alikuwa ameshatoa rangi hiyo mara nyingi kwa dawa za maabara, matone machache, na kuyahifadhi ndani ya friji. Kuitoa kwa mafuta ya kupikia na ndimu, tena lita tatu, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Hata tone hakubakiza pembeni, maana zilitimia lita tatu barabara.

Ikabaki shida ya chombo. Mwanga huiua rangi hiyo, kwa hivyo ilihitaji giza. Chupa za kahawia za kituo zilikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa likizo huko Moi's Bridge. Mitungi ya plastiki ya nyumbani yote ilinuka mafuta ya taa. Akawaza, akawazua, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu: alimwomba Kogo kitu.

"Mama, una kibuyu ambacho hakijawahi kutiwa maziwa?"

"Cha nini?"

"Nina mafuta ya kupeleka kazini Ijumaa. Kuna mgeni anakuja kuyaona."

Kogo akaingia chumbani kwake, akatoka na kibuyu kipya, chenye shingo ndefu, kilichokwisha kutolewa mbegu na kukauka. Akampa. Chepkorir akakiosha kwa maji moto mara tatu, akakiinamisha juu ya uchaga kikauke. Mafuta akayafunika ndani ya sufuria, akayaweka kwenye kabati la vyombo. Kesho jioni, alijiambia, kibuyu kitakuwa kimekauka, nitayatia.

Kesho yake, Alhamisi, hakukuwa na kazi kituoni. Mkubwa mmoja alikuwa akipita Eldoret, na wafanyakazi wote wa serikali walitakiwa kuwa kando ya barabara kumlaki. Majina yaliandikwa kwenye daftari kabla ya kupanda lori, na yangeandikwa tena wakati wa kurudi, ili ajulikane aliyependa nchi yake na aliyebaki nyumbani. Walisimama tangu saa mbili asubuhi. Mvua ya rasharasha ikaanza saa nne, ikaacha, ikaanza tena. Chepkorir alikuwa na kibendera cha karatasi kilicholowa mpaka rangi zake zikamwagikia mkononi. Akina mama wa kikundi cha nyimbo waliimba hadi sauti zikawakauka. Saa tisa kasoro magari yakapita, yakiwa na haraka zake, na shughuli yote haikufika dakika moja. Kisha wakasimama tena saa moja na nusu wakingoja lori.

Alifika nyumbani jua likikaribia kuzama, miguu imevimba ndani ya viatu. Jambo la pekee lililokuwa kichwani mwake ni kwamba bado alikuwa na mafuta ya kumimina.

Kogo alikuwa jikoni. Alikuwa amemwekea chai.

"Nimeshakufanyia," Kogo alisema bila kumtazama. "Mafuta yako. Nimeyatia kwenye kibuyu, nimefunika. Kiko pale pembeni."

Kibuyu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa kifuniko chake cha ngozi, kimefutwa hadi kinang'aa. Sufuria nayo ilikuwa imeoshwa.

"Asante, Mama," Chepkorir alisema. Alikaa, akanywa chai, akageuza uso ili Kogo asione anavyolia. Kwa miaka mitatu hakuwahi kusaidiwa hata na kijiko katika kazi hiyo, na leo aliyemsaidia ni huyu. Hakukifungua kibuyu kukagua. Angekikagua kwa lipi? Usiku ule alilala na viatu miguuni.

Ijumaa asubuhi Kabiru alifika kwa wakati, na pikapu yake, gunia la chakula cha kuku, na koleo safi la kuchanganyia. Bwana Kipngetich naye alikuja, akasimama, mikono nyuma, chini ya ile picha iliyokuwa katika kila ofisi. Chepkorir alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Alitandika kitambaa cha kuchujia juu ya mdomo wa beseni jeupe, akakitikisa kibuyu kidogo, akakifungua, akamimina.

Mafuta yalitoka, yakapita kwenye kitambaa, yakaanza kujaa beseni. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa na rangi ya mafuta ya alizeti yaliyotumiwa kukaangia mara moja, hafifu, yenye ukungu wa kijivu. Alimimina yote hadi tone la mwisho, akitumaini kwamba wekundu umetuama chini. Juu ya kitambaa palibaki vumbi jeusi, akadhani ni masizi ya jiko lake la makaa. Alinusa. Mafuta yalinukia jiko, moshi na nyumba, harufu ambayo pua yake iliizoea tangu utoto wake kiasi kwamba haikumwambia kitu.

"Ndiyo hiyo?" Kabiru aliuliza.

"Ilikuwa nyekundu," Chepkorir alisema. "Jumatano ilikuwa nyekundu. Niliiona."

Kabiru aliinama, akachovya kidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba angependa sana kuona kitu pale.

"Mama, sitaki kukuumiza roho," alisema mwishoni. "Lakini rangi ya kulala siku mbili tu, mimi nitafanyia nini? Chakula yangu inakaa kwa duka hata miezi miwili. Mkulima akifungua gunia apate imekuwa hivi, si atanirudishia?" Akajifuta kidole kwa leso. "Pole. Umejaribu sana. Ungekuwa mtu wangu ningekupatia likizo."

Akalichukua koleo lake na gunia lake, akaondoka.

Chepkorir alibaki akilitazama beseni. Maneno ya Wamalwa yalimrudia: rangi inatangulia mbele, inapokea ile hewa yenyewe, inakwisha. Kumbe inakwisha kwa siku mbili. Ndani ya friji, matone machache, ilikuwa imemdanganya kwa miaka mitatu. Ilipotoka nje ikakutana na hewa ya kawaida ya watu wa kawaida, ikapotea yote. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na maelezo hayo yalikaa sawasawa kabisa, na ndiyo sababu hakutafuta mengine.

Bwana Kipngetich alikohoa kidogo. "Basi, Mama. Sijui tuseme aje. Labda ungetaka muda?"

Alikuwa amemfungulia mlango, mtu wa watu. *Nipe wiki tatu* ilimfika Chepkorir kwenye ncha ya ulimi. Wiki tatu, angevuna nyingine, angejaribu tena, angeweka chupa moja huku na nyingine kule, angejua. Halafu akawaza magunzi ya kuokota, kuvunja, kuchemsha. Akawaza kuni na gesi, pumba za kupepeta, kwenda tena kwa Kabiru na kusimama mbele ya meza yake. Akawaza barabara ya jana.

"Kabati litakuwa wazi jioni," alisema.

Kuna utaratibu katika maabara, nao Chepkorir aliufuata miaka thelathini bila kuuvunja: kitu chenye uhai hakimwagwi kwenye sinki. Kinachemshwa kwanza. Saa nane na nusu alivipanga vichupa thelathini na sita ndani ya sufuria kubwa ya mvuke, akaangalia kila kimoja kabla ya kukiweka. Vilikuwa vyekundu vyote, vyenye afya, vimeshiba. Akafunga kifuniko, akakaza skrubu, akawasha jiko la umeme. Sufuria ikaanza kuvuma, kisha ikapiga mluzi. Alihesabu dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Saa tisa kamili alifungua, na mvuke ukampiga usoni. Ndani ya vichupa wekundu ulikuwa umegeuka kahawia, umeporomoka chini.

Alichotarajia ni kulia. Badala yake alijisikia mwepesi. Alivua koti, akalikunja, akaona kwamba wiki ya tatu ingefika na yeye angeweza kuwa mahali popote duniani. Angeweza kwenda kumtembelea dada yake Kapsabet na kukaa huko mwezi mzima. Alijionea aibu kwa wepesi huo, lakini si sana. Alifuta kabati kwa kitambaa kibichi, akazima balbu, akachukua kibuyu chake kitupu na kushika njia ya nyumbani.

Kogo alikuwa ameketi uani kwenye benchi, amejifunga kile kitambaa chake cha kanisani kichwani, na haikuwa Jumapili.

"Wameonaje?" aliuliza hata kabla Chepkorir hajafika vizuri.

"Nani, Mama?"

"Wageni. Wamekionaje kibuyu?" Uso wa kizee ulikuwa umechangamka kama Chepkorir alivyokuwa hajauona tangu msiba. "Ulikiacha uchi, mwanangu. Nilikiona juu ya uchaga nikasema, hapana, kitu hakitoki boma langu kwenda kwa wageni hakina hata mkaa. Watasema sisi ni watu gani? Nikaenda mwenyewe kule chini kukata senetwet, mti wa mkaa wa vibuyu. Nikauchoma, nikausaga ndani kwa ufito, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Cha maziwa hutiwa mara moja, lakini chako nilikitia mara tatu, mpaka ukuta wote ukawa mweusi na mkono ukaniuma hapa. Ndipo nikamimina mafuta. Na nikakitikisa vizuri, asubuhi na jioni, kama inavyotakiwa."

Chepkorir alikitazama kibuyu alichokishika. Akakigeuza mdomo kwenye mwanga wa jioni, akachungulia. Ndani palikuwa peusi, peusi tititi, pazuri, kazi ya mwanamke aliyefanya jambo hilo miaka sitini na anajua kulifanya kuliko mtu yeyote wa upande ule.

Mkaa hunywa rangi. Alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Unga wa mkaa ndio waliotumia maabara kusafisha maji ya molasi yakawa meupe. Alilijua, alikaa nalo, aliwafundisha wengine. Na alikulia kwenye nyumba ambayo kibuyu na mkaa vilikwenda pamoja kama mkono na kidole, hata hakuwahi kumwambia Kogo *usitie*, maana hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kusema. Rangi haikuwa imekwisha. Ilikuwa hapa, mikononi mwake, imeng'ang'ania ukuta wa kibuyu. Ingekaa miezi. Ingekaa miaka miwili. Kabiru angeichukua, na binti yake angeilisha.

Alishika nguzo ya uchaga.

"Hawakusema kitu?" Kogo aliuliza, furaha ikipungua kidogo.

"Walisema," alijibu Chepkorir. "Kibuyu walikiona kizuri sana."

Kogo akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akatazama mikono yake, ambayo kucha zake bado zilikuwa na weusi. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno tangu asubuhi:

"Nimekuwa nikifikiri. Siku ile ya matanga nilikusema vibaya mbele za watu. Nilikuwa na uchungu wa mwanangu. Jana, nilipokuwa nayatia yale mafuta yako, niliyatazama. Ni mazuri. Sikujua kama ni kitu kizuri hivyo, wewe hukuwahi kunionyesha, na mimi sikuwahi kuuliza." Akakwangua weusi kwenye ukucha mmoja. "Desemba unaacha kazi. Yule mdudu wako, nani atamlisha?"

Chepkorir alikigeuza kibuyu mikononi mwake.

"Mlete hapa," Kogo alisema. "Nitamlisha mimi. Utanionyesha siku moja, mbili, nitashika. Nimelea ndama ambao mama zao waliwakataa, kwa kidole changu na maziwa, na waliishi. Huyo atanishinda? Magunzi yako pale, viazi tunamenya kila siku. Mlete, nami nitapata kitu cha kufanya." Akainuka nusu, kana kwamba angekwenda kumchukua sasa hivi. "Yuko wapi?"

Miaka mitatu Chepkorir alikuwa amemtafuta mtu wa kuuliza swali hilo. Alimtafuta kituoni, alimtafuta mjini. Hakuwahi kumtafuta uani mwake.

"Hayupo, Mama," alisema. "Nimemchemsha leo."

"Wote?"

"Wote."

Kogo alikaa chini tena. Alimtazama kwa macho yasiyoelewa, macho ya mtu aliyeamka mapema kufanya wema. "Kwa nini?"

Jibu lilikuwa mkononi mwa Chepkorir, lina shingo ndefu na kifuniko cha ngozi. Angelisema, na kizee huyu angelibeba mpaka kaburini. Lakini halikuwa jibu lote. Mlango ulikuwa umefunguliwa pale maabara, wiki tatu tu, na aliyeufunga hakuwa Kogo.

"Nilichoka, Mama," akasema.

Kogo alisogea kwenye benchi, akampisha akae.